Kabla Hamjaitoa Injini ya Mavyala

Vijana wangu wa gereji ya Amalemba, nimesikia ile landrova ya kijani imerudi, imevutwa kwa kamba kutoka Iguhu, na mmegawanyika juu yake. Baadhi yenu mnasema injini ifunguliwe ijengwe upya. Wengine mnasema itolewe, ipandikwe ya dizeli iliyotumika, ile ya kutoka Japani mliyoiona Kisumu. Mmenipigia simu nami nikawa nawaambia ngojeni. Sikutaka kujibu kwa simu kwa sababu jambo hili lina maneno mengi, na nyinyi mkishika simu mnasikiliza kwa sikio moja. Nimeketi hapa nyumbani Ekero, magoti yananisumbua, nikaona heri niwaandikie. Mmoja wenu asome kwa sauti wakati wa chai. Awe anayejua kusoma bila kukwama, kwa hivyo asiwe Brayo.

Kwanza niwaambie kilichopo hapo, msije mkadhani mzee analilia chuma. Kule juu ya Iguhu, kwenye miamba, kuna vijiji ambavyo mvua ikinyesha pikipiki haifiki, na gari la kawaida likijaribu linalala mtoni. Landrova hiyo ndiyo hubeba wagonjwa, na zaidi ya wagonjwa, wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Mvua zimeanza. Kila siku mnayobishana, kuna mtu anayebebwa mabegani kwenye utelezi. Mkifanya uamuzi mbaya, atakayeumia ni mtu ambaye hamtamwona kamwe gerejini. Hilo lishikeni hadi mwisho wa barua hii.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Rajabu wa Mumias. Nilimwendea nikiwa kijana mwenye mikono laini na mdomo mwingi. Gari likiletwa, yeye alianza na salaam aleikum, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za miwa, za mgonjwa aliyesikia yuko kwa huyo mtu, na mimi nimesimama hapo na spana nikiungua kwa hamu ya kufungua boneti. Siku moja nikamwambia tunapoteza muda. Akanitazama, akasema, "Wewe unataka kupasua kabla ya kusalimia." Kisha akainama, akabandua tope kwenye bawa la gurudumu, akaniwekea kiganjani. Tope jekundu lilitoka upande wa Ikolomani. Jeusi lilitoka kwenye mashamba ya miwa. Alijua gari limetoka wapi, limebeba nini na limepanda mlima gani kabla mwenyewe hajamaliza kujieleza. Alisema injini ikifa, swali la kwanza ni gari lilikuwa likienda kwa nani.

Sikulielewa jambo hilo kwa miaka mingi. Niliona ni maneno ya mzee anayependa mazungumzo. Mimi nilipenda kupima.

Na kupima ni lazima, msinielewe vibaya. Injini ikiwa baridi asubuhi, mmoja awashe, mwingine asimame nyuma atazame moshi wa kwanza. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, basi ringi zimechoka au vali zinavuja. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji, na hapo fungua kifuniko cha oili uone kama kuna kitu kama chai ya maziwa ndani. Ikiwa inaunguruma, ondoa kifuniko hicho, uweke kiganja juu ya tundu. Ikikupumulia kwa nguvu, pistoni zinapitisha hewa chini. Kisha chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Mlio wa juu, mwepesi, kama cherehani, ni wa vali, na huo mnaweza kuishi nao mwaka mzima. Mlio wa chini, mzito, unaogonga ukikanyaga mafuta, ni beringi za krenki. Hiyo ndiyo noki yenyewe. Ukiisikia, zima hapo hapo, hata kama uko katikati ya daraja na nyuma yako wanakutukana.

Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo ni kama penseli. Kila ukiichonga inapungua, unaitafutia beringi nene zaidi, na inafika siku ambapo hakuna cha kuchonga. Fundi anayewaambia injini inaweza kujengwa upya milele ni wa kuogopwa, hata akiwa na ovaroli safi.

Kuna mkulima mmoja wa Lugari aliyeniletea gari lake la kubebea mahindi. Injini yake ilikuwa nzima, imechoka kidogo tu, lakini alikuwa amemwona jirani ana injini kubwa, na moyo ukamtoka. Nilimwambia tuijenge hiyo hiyo. Akakataa, akataka kubwa. Ni mteja, tukampandikia. Akaondoka akipiga honi hadi barabara kuu. Mavuno yalipofika alifunga trela ya mahindi nyuma, akakanyaga, na ekseli ya nyuma ikakatika kama muwa. Akaibadilisha, ikakatika tena. Aliyetaka nguvu alipata nguvu, ila ekseli hakuna aliyeiambia. Ukibadilisha injini unabadilisha pia deni la giaboksi, la klachi, la redieta, la breki na la springi za mbele zitakazobeba uzito mpya.

Lakini nimeona na upande wa pili. Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa mjini alikataa katakata injini ya gari lake itolewe. Alisema ndiyo iliyomleta harusini. Bloku ilikuwa na ufa ambao hata kwa macho ulionekana. Tuliifunga kwa upendo, ikarudi na chai ya maziwa. Tukaifunga tena, ikarudi. Mara ya mwisho alikuja mwenyewe kwa miguu kuniambia niitoe, na hakunitazama usoni. Nilimhurumia sana mzee yule, maana alikuwa akizika kitu.

Kwa hivyo hakuna upande wenye haki siku zote, na anayewaambia upo anauza injini au anauza beringi.

Sasa nije kwa mwenye landrova. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mkunga, kwa sababu alikuwa mkunga wa hospitali kabla ya kustaafu. Kwangu alikuwa mavyala, yaani mama mkwe, maana ndiye aliyemzaa mke wangu, Mama Nekesa. Mumewe, aliyekuwa afisa wa kilimo, aliinunua landrova hiyo kwenye mnada, akafariki akamwachia. Wengine walimshauri aiuze. Yeye akamwambia mwanawe wa mwisho, Lihanda, ajifunze kuiendesha, na wakaanza kubeba wagonjwa.

Nyinyi wa siku hizi mnapiga selfi na mama wakwe zenu, simlaumu mtu. Sisi tulikua na tsisoni. Ni haya, ni heshima, ni vyote viwili. Mtu na mavyala wake hawashikani mikono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anasogea kando ya majani. Na hawasemeshani moja kwa moja. Likiwapo neno, linapita kwa mtu wa kati. Mavyala alinipenda, hilo nalijua, kwa sababu kila alipochinja kuku, ile ingokho yetu, alinitumia bakuli na ugali wake wa obusuma, na firigisi ndani yake, imefunikwa vizuri. Lakini tangu nioe sikuwa nimesikia jina langu kinywani mwake.

Basi landrova ilipoanza kunoki miaka kadhaa iliyopita, ikaletwa kwangu, na mavyala akaja nayo. Boneti ilikuwa juu. Yeye akawekewa kiti upande mmoja, amenipa mgongo. Mimi nilikuwa upande wa pili, kichwa ndani ya injini. Mama Nekesa alisimama kwenye bawa la gari, katikati yetu.

"Mwambie mama," nikasema, "beringi zimekwisha, na slivu zinamopitia pistoni zimelika."

Mama Nekesa akageuka. "Mama, anasema gari imechoka kidogo."

Mavyala alikuwa amesikia kila neno, maana kati yetu palikuwa na boneti tu. Lakini adabu ni adabu. Alingoja yamfikie kwa njia yake, kisha akajibu polepole. Wateja wengine walidhani tumekosana, wakawa wanapita kwa kunyata.

Tatizo ni kwamba Mama Nekesa ni mpole kupita kiasi. Neno likiingia kwake lina moto, likitoka upande wa pili limepoa. Nilisema imekufa, akapeleka imechoka. Nilisema krenki imebakiza kuchongwa mara moja tu, akapeleka kwamba fundi anaangalia. Na kutoka upande wa pili ilikuwa vivyo hivyo. Nilipouliza kama mavyala atakubali injini nyingine, mama na binti waliongea kwa Kiidakho kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini. Mimi ni wa Wanga, na hata ningesikia ningejifanya sisikii, si mazungumzo yangu. Mwishowe Mama Nekesa akanigeukia.

"Mama anasema ameizoea sauti yake."

Nikaelewa hivi: mama huyu ni mjane, gari ni la mumewe, na muungurumo wa injini unamkumbusha. Nikamhurumia kwa dhati. Lakini nilishamwona yule mwalimu mstaafu na bloku yake yenye ufa, na nikajiambia huzuni haishiki oili. Niliona ni wajibu wangu kama mkwe kumtoa mavyala kwenye mtego huo kwa upole. Nilipima kila kitu, nikapiga hesabu ya muda, na kila kipimo kilisema itolewe. Kupandika nyingine kungekuwa kazi ya siku chache. Kuijenga upya kungenipeleka Kisumu kwa watu wa mashine, kungoja slivu, kungoja beringi, na mvua zilikuwa zinakuja. Nikampelekea jibu kwamba nimeamua. Mavyala asingebishana na mkwe wake hadharani.

Injini ya Japani ikaletwa. Tukaiwasha kwanza chini, juu ya matairi, kuijaribu, na mavyala alikuwapo, kwenye kiti chake, mgongo kwangu. Ilikuwa injini nzuri. Mpaka leo nasema ilikuwa nzuri. Tukaining'iniza kwenye mnyororo juu ya landrova, tayari kuishusha, nami nikiwa na fahari yangu nikasema:

"Mwambie mama hii haina kelele kabisa. Atapita mlangoni kwa mtu na huyo mtu asijue."

Mama Nekesa hakuwahi kufungua mdomo. Mavyala alisimama. Akazunguka boneti. Akaja upande wangu, akasimama mbele yangu, na mimi nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa mabati, kwa sababu sikujua mahali pa kuyaweka macho. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake kwa karibu namna ile.

"Baba Nekesa," akasema, "nisikize mimi mwenyewe. Hii gari usiinyamazishe. Watu ya kule juu wanajuanga sauti yake. Mwanamke akishikwa na uchungu, wanakaanga kimya wakisikiliza. Wakiisikia kwa mto, wanaweka yeye kwa machela, wanateremka. Nikifika kwa barabara wako hapo. Sasa ikipita kama paka, mimi nitawangojea huku chini na wao wataningojea huko juu. Na mtoto hangojangi."

"Na simu, mama?" Niliuliza kabla sijajua kwamba nimemsemesha.

"Simu ni ya mwenye chaji na mwenye netiweki. Masikio ni ya kila mtu."

Kisha akajifunika leso kichwani, akarudi kwenye kiti chake, akakaa kama mwanzo, amenipa mgongo. Mama Nekesa alikuwa analia, na akaniambia baadaye kwamba maneno ya mama yake kwa Kiidakho yalikuwa hayo hayo, kwamba watu wameizoea sauti yake. Yeye aliona ni mengi, akayafupisha, na katika kufupisha watu wakapotea, akabaki mama. Sikumlaumu. Kazi ya mtu wa kati ni kupoza, na hakuna aliyemwambia kwamba safari hii moto wenyewe ndio ulikuwa ujumbe.

Tuliishusha injini ya Japani, tukairudisha ilikotoka. Tukaijenga ile ya zamani.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Krenki ilichongwa kwa mara ya mwisho, na mtu wa mashine kule Kisumu aliniambia nisimletee tena. Slivu zilikawia. Vali nilizisaga mwenyewe kwa mkono, kwa ule unga wa kusagia na kijiti, nikizungusha kati ya viganja mpaka ule mlio wa mchanga ukawa laini, kwa sababu sikutaka kumwachia mtu mwingine. Lihanda alikuwa akija kuniuliza, na kila alipokuja aliniambia ni nani aliyebebwa mabegani wiki hiyo. Mavyala alijua kwamba ameyachagua hayo. Hakuniharakisha hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa silali vizuri.

Ilipokamilika, Lihanda alikuwa mgonjwa wa malaria, Mama Nekesa alikuwa kwenye matanga, na mavyala alikuwa mjini ameifuata gari yake. Ikabidi niiendeshe mimi. Hebu fikirieni safari hiyo. Hakukuwa na mtu wa kati. Yeye alikaa nyuma, kwenye benchi, anatazama tulikotoka, na mimi mbele natazama tunakokwenda. Kutoka Amalemba hadi tulipoacha lami hatukusema neno. Nilikuwa nikikohoa tu mara moja moja ajue niko macho.

Injini mpya iliyojengwa, mnajua, haipandi mlima na mzigo. Ringi hazijakaa kwenye slivu, beringi zimekaza, inapata moto upesi. Unaiendesha kwa adabu, unaongeza na kupunguza, huilazimishi. Nilipanga kuifikisha kwa mavyala, kilima kimoja tu, bila mzigo, niizime ipoe. Mawingu yalikuwa yameshuka, na yale matone makubwa ya alasiri ya kwetu yalikuwa yameanza. Tulivuka mto. Nikapanda taratibu, nikisikiliza kila mlio. Ilikuwa ikiunguruma vizuri, ile sauti nzito ya kukwaruza niliyoizoea.

Kwenye kona ya mikaratusi, watu walikuwa wamesimama barabarani. Wanaume wanne na machela, na juu yake mwanamke aliyefunikwa turubai. Kando yake alikuwa mama mzee aliyemshika mkono.

Nikasimama. "Nani amewapigia simu?" nikauliza.

"Hakuna," akajibu mmoja wao, anahema. "Tumeisikia kwa mto. Tangu asubuhi tunangoja tu."

Hawakujua kwamba nilikuwa nikiijaribu. Hawakujua kwamba ni safari ya kwanza. Walikuwa wameisikia, wakateremka naye. Mwanamke aliitwa Muhonja, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mavyala alishuka kwa nyuma, akamgusa tumbo, akamtazama macho, na alipoinua uso wake niliona kwamba mambo si mazuri. Wakampakia. Wanaume wawili wakaingia wasaidie kusukuma penye utelezi. Nikaigeuza gari.

Hospitali iko ng'ambo, na kuifikia ni lazima uteremke mtoni kisha upande ule mlima mrefu wa udongo mwekundu. Mvua sasa ilikuwa inapiga kwa nguvu. Tulipovuka, nikatia gia ndogo, nikaanza kupanda, na kabla ya nusu ya mlima mshale wa kipimo cha moto ulikuwa umepanda. Injini ilikuwa inalia. Muhonja alikuwa amenyamaza, na ukimya wake ulinitisha kuliko kelele. Nikapunguza mguu. Nikasema, nikiusemesha usukani, kwa sababu hiyo ndiyo adabu niliyoijua:

"Ringi hazijakaa. Nikiikanyaga hapa, nitaiua."

Sauti ya mavyala ikaja kutoka nyuma, karibu kabisa na sikio langu.

"Injini itatengenezwa tena. Mtu hatengenezwangi. Kanyaga, mwanangu."

Nikakanyaga. Sijawahi kuikanyaga injini namna ile, na nilijua ninachokifanya kila inchi ya mlima ule. Nilisikia harufu ya oili inayoungua. Niliona mvuke ukitoka chini ya boneti na mvua ikiupiga. Nilikuwa nikiomba, na nilikuwa nikilia, sioni haya kuwaambia. Tuliingia langoni mwa hospitali na mshale umefika mwisho. Wakamchukua Muhonja, mavyala akaenda naye mbio kama msichana, na mimi nikabaki uani, nikafungua boneti, nikasimama kwenye mvua nikiitazama injini ikipoa.

Nilingoja sana. Alipotoka hakuja karibu. Alisimama upande wa pili wa boneti, pale pake pa siku zote, na hapakuwa na Mama Nekesa katikati.

"Ni msichana," akasema. "Wote wawili wako sawa."

"Asante, mama," nikasema.

Wazee wa kwao waliposikia kwamba nimesemeshana na mavyala gerejini, na tena garini na hospitalini pasipo mtu wa kati, walisema tsisoni imevunjwa na lazima isawazishwe. Nikapeleka mbuzi. Baada ya hapo tulizungumza kama watu, na nilijuta tu kwamba hatukuanza mapema, maana alikuwa na maneno mengi mazuri.

Injini ile haikusamehe kabisa. Ringi zilikwaruza slivu siku ile, na tangu hapo ilitoa moshi wa samawati kila ilipopanda. Ndio huo moshi ambao mmekuwa mkiucheka. Ilifanya kazi hivyo hivyo miaka yote hii, ikila oili, ikipanda na kushuka, na Lihanda akiipigia kelele. Mwaka jana mavyala alifariki, na landrova hiyo ndiyo iliyomleta nyumbani akazikwe. Sitaandika juu ya siku hiyo. Nasema tu kwamba sasa kile kiti cha upande wa pili wa boneti hakina mtu, na hakuna atakayesimama kuwazuia mkikosea. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Basi jibu langu ni hili. Lihanda ameniletea kipimo mlichokipiga, na mmepima vizuri. Krenki haina kitu tena cha kuchongwa. Yule mtu wa Kisumu alisema ukweli. Mkiijenga upya mtaijenga kwa ajili yangu, au kwa ajili ya mavyala, na itakufa mlimani siku mbaya, na mtu ndani. Itoeni. Nimeyaandika maneno hayo kwa mkono wangu na yameniuma, lakini itoeni.

Pandikeni ile ya dizeli, lakini chagueni yenye pampu ya zamani, isiyo na kompyuta, ambayo Lihanda anaweza kuifungua kando ya mto kwa spana mbili. Isizidi sana uzito. Mounti za kuishikilia zichomelewe vizuri, redieta iwe kubwa, na giaboksi mwiulize kabla hamjailazimisha. Msiitoboe sailensa ili ipige kelele kama ya zamani. Najua Brayo amelifikiria hilo. Anayezaa humo nyuma ana masikio, na kelele ya uongo haifanani na kitu chochote.

Kisha ikiwa tayari, msimkabidhi Lihanda funguo na kurudi kwenye chai. Pandeni naye. Ipelekeni kwenye kila kilima, siku ya jua na siku ya mvua, kwa sababu mvua hubadilisha sauti. Simameni mtoni, muiache iungurume, watu watoke. Simameni kwenye kona ya mikaratusi. Waambieni wamama wazee kwamba ile imepumzika, na hii ndiyo itakayokuja sasa, waisikilize. Wengine watawapuuza, wengine watalia. Rudini tena, na tena, bila mgonjwa na bila honi. Mtaona kazi hiyo si ya fundi, na mtachoka, na wateja wa mjini watanung'unika kwamba gereji imefungwa. Waacheni wanung'unike. Siku mtakapovuka mto na kukuta machela imeshateremshwa barabarani, na hakuna aliyepiga simu, hapo ndipo mtakapokuwa mmemaliza kuipandika injini hiyo.